Vita vilivyobebwa vichwani: majibu kwa wasomaji

Wiki iliyopita niligusia Vita Vikuu vya Kwanza vilivyopiganwa huku kwetu Afrika Mashariki, na maswali yakamiminika. Nayajibu yaliyojirudia zaidi.

Wazungu waligombana kwao Ulaya. Sisi tuliingiaje? (Msomaji, Morogoro)

Hatukuingia, tuliingizwa. Mwaka 1914 Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Ujerumani. Kenya, Uganda na Zanzibar zilikuwa chini ya Mwingereza, Kongo chini ya Mbelgiji, Msumbiji chini ya Mreno. Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti, na tarehe 8 manowari yake ilikuwa tayari inaipiga Dar es Salaam, ikilenga mtambo wa simu ya upepo.

Ni kweli nyuki waliwafukuza Waingereza Tanga?

Nyuki walikuwepo. Novemba 1914 waliteremshwa Tanga wanajeshi kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakakutana na watu kama 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, wengi wao askari Waafrika. Risasi ziliipiga mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na nyuki hawakuuliza nani ni wa nani, wakauma pande zote mbili. Lakini kilichowaangusha Waingereza ni kuchelewa kushuka, hata adui akapata muda wa kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Walipokimbilia merikebuni waliacha bunduki kwa mamia, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi 600,000. Kwa silaha hizo Mjerumani alipigana muda mrefu.

Babu alituambia Kariakoo ni jina la vita. Ni kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Babu yako alisema kweli, na hapa naomba tukae kidogo.

Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, jengo la soko lililojengwa na Wajerumani lilifanywa kambi ya kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wetu ukalitamka Kariakoo. Nairobi nako wakapata Kariakor yao, kwa asili ileile.

Kwa nini wapagazi, wakati Ulaya walikuwa na treni, malori na ndege? Kwa sababu ya mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa maelfu, na mvua ilipoanza malori yalizama kwenye tope. Kikabaki kichwa cha mtu. Piga hesabu hii: mpagazi amebeba unga kilo 27 na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, amekula kilo 20. Aliko askari zinafika kilo saba. Kwa hiyo kila jeshi liliposonga mbele, wapagazi walihitajika wengi zaidi, na vijiji vikasombwa wanaume.

Upande wa Mwingereza peke yake walihesabiwa kama milioni moja. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, wanazidi 95,000. Risasi iliua wachache tu kati yao. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, wakilala kwenye mvua na kula unga wa mahindi ambao haukupata moto wa kutosha. Na kule walikotolewa, mashamba yalibaki bila mikono huku majeshi yakichukua chakula na mifugo. Wagogo wanaikumbuka njaa iliyofuata kwa jina la Mtunya.

Na ile meli ya Kigoma?

Liemba, naam. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku na kuungwa upya Kigoma. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina tunalolijua.

Kwa nini Ulaya vita viliisha tarehe 11 Novemba na huku tarehe 25?

Ulaya Mjerumani alikuwa amechoka. Mashambulizi yake ya Machi 1918 yalishindwa, Wamarekani walikuwa wakiwasili kwa wingi, na kuanzia Agosti jeshi lake likawa linarudi nyuma tu. Washirika wake walijitoa mmoja mmoja, mabaharia wake wakaasi, Kaisari akang'oka tarehe 9 Novemba. Siku mbili baadaye mkataba wa kusitisha vita ukatiwa saini ndani ya behewa la treni, msituni Compiègne.

Lettow-Vorbeck hakujua lolote. Alikuwa amevuka Ruvuma Novemba 1917, akazunguka Msumbiji akiteka chakula na silaha za Wareno, akarudi Tanganyika, kisha akaingia Zambia ya leo na kuichukua Kasama. Habari ilimfikia tarehe 13 Novemba, baada ya kunaswa mpanda pikipiki wa Kiingereza aliyebeba simu ya maandishi. Kesho yake akasimamisha vita karibu na mto Chambeshi. Ikabidi msafara mzima utembee hadi Abercorn, siku hizi Mbala, kuweka silaha chini: Wajerumani 155, askari 1,168, na wapagazi wanaokaribia 3,500. Wajerumani walirejea kwao. Askari walipelekwa kambini Tabora, na homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ikawakuta huko.

Hao wapagazi wanakumbukwa wapi?

Pale Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, maandishi yanawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama juu na bunduki ni askari. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na makoloni yake ya zamani ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina popote, na huenda wakafika 350,000. Kama kwenu limebaki jina la mzee aliyechukuliwa, andika jina lake, kijiji chake na alikopelekwa, uniletee. Nitayachapa hapa.