Namba za mistari kwenye kihariri: mmeuliza, tunajibu

Nikiandika `:set number` kwenye Vim, kihariri cha maandishi na msimbo, namba zinatokea, nikifunga zinapotea. Nianze upya kila siku? (Mwanafunzi, Ng'ong'ona)

Hapana. Amri inayoandikwa baada ya nukta mbili huishi mpaka ufunge programu. Iweke kwenye faili la `.vimrc` ndani ya folda yako ya nyumbani. Kwenye Windows huitwa `_vimrc`. Andika `set number`, hifadhi, fungua Vim upya. Ukitumia Notepad kuliandika, angalia jina lisije likawa `_vimrc.txt`, maana Vim haitalisoma na hutaona ujumbe wowote wa kosa.

Namba za mwenzangu zinahesabu 1, 2, 3 kwenda juu na 1, 2, 3 kwenda chini. Za nini? (Area C)

Hizo hupima umbali kutoka pale kishale kilipo. Mstari unaoutaka ukiwa na 7 chini yako, bonyeza `7j`, umefika. `d4j` hufuta mstari uliopo pamoja na minne inayofuata, yaani mitano. Wengi husahau huo wa kwanza na kufuta zaidi ya walivyokusudia. Kwa anayehariri kutwa nzima, namba hizi zinaokoa muda mwingi sana.

Zina upungufu mmoja mkubwa. Python (lugha ya kuandikia programu) ikikwambia kosa liko mstari wa 214, namba za umbali hazikuonyeshi ulipo. Kwa hiyo weka zote mbili: `set number relativenumber`. Mstari wenye kishale utabeba namba yake halisi na mingine itabeba umbali. Kuufikia wa 214, bonyeza `214G`. Kwenye VS Code, kihariri kingine, bonyeza Ctrl na koma, tafuta `line numbers`, chagua `relative`; kuruka ni Ctrl+G.

Lakini unapomwelekeza mtu kwa simu, aliye Kondoa au Mpwapwa, rudisheni wote namba za kawaida kwa `:set norelativenumber`. "Mstari wa tatu" wako na wake haiwezi kuwa mmoja kama vishale vyenu viko mahali tofauti.

Meza yangu inatazama jua la mchana, namba za kijivu sizioni. Nimebadili rangi kwa `highlight LineNr`, hazibadiliki. (Majengo)

Tazama mpangilio wa faili lako. Amri ya `colorscheme`, inayochagua mandhari ya rangi, hufuta rangi zote zilizowekwa kabla yake, kwa hiyo yako lazima iwe chini yake:

`highlight LineNr ctermfg=Yellow guifg=Yellow`

Teminali (dirisha la amri za maandishi) kwa kawaida hufuata `ctermfg`, Vim yenye dirisha lake hufuata `guifg`. Ndiyo sababu tunaandika zote. Ukitaka namba ya mstari ulipo ing'ae peke yake, tumia `CursorLineNr`, na uwashe `set cursorline`, la sivyo haitaonekana. Kwa jua la Dodoma, hata hivyo, ushauri wetu ni mandhari meupe yenye maandishi meusi, na namba ziwe za bluu iliyokolea; njano hapo haisomeki.

Nikinakili kwa kipanya, namba nazo zinakuja. (Singida)

Teminali haijui namba ni nini na msimbo ni nini, inanakili kinachoonekana. Andika `:set nonumber norelativenumber`, nakili, kisha uzirudishe.

Nina CSV (faili la jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu) ya mavuno ya zabibu. Rekodi moja Excel inaipa 340, kihariri kinaipa 352. Nani mkweli? (Hombolo)

Wote wawili. Kihariri huhesabu kila mkato wa mstari, Excel huhesabu rekodi. Kuna visanduku vyenye Alt+Enter (mkato wa mstari) ndani, pengine kwenye safu ya maelezo, na kabla ya kufika rekodi hiyo mikato ya namna hiyo ni 12. Kwenye Excel fungua Tafuta na Badilisha (Ctrl+H), katika nafasi ya kutafuta bonyeza Ctrl+J, katika ya kubadilisha weka nafasi tupu moja, badilisha zote, kisha hifadhi CSV upya.