Ukitaka kuisoma Biblia kwa ajili ya maadili

Mtu akiamua kuisoma Biblia kwa ajili ya mafundisho ya maisha, huku maswali ya miujiza akiyaweka kando, mara nyingi hufungua Mwanzo sura ya 1 na kujiwekea ratiba ya kufika Ufunuo. Akifika nusu ya pili ya Kutoka, kwenye vipimo vya hema, mapazia na vikuku vyake, anachoka na kitabu kinarudi rafuni. Tatizo ni mlango alioingilia. Biblia ni mkusanyiko wa vitabu 66 kwa Waprotestanti na 73 kwa Wakatoliki, vilivyoandikwa katika muda wa karne nyingi. Ndani yake mna sheria, nyimbo, orodha za koo, barua na mifano, na kila aina ina namna yake ya kusomwa.

Anzia Mathayo 5 hadi 7, hotuba ya Yesu ya mlimani. Ni mistari 111. Ukiisoma kwa sauti, bila haraka, inakuchukua kama robo saa. Isome yote kwa mkupuo mmoja, siku tatu mfululizo, kabla hujaandika chochote. Wengi wetu tumeyasikia maneno haya vipande vipande, kipande hiki msibani, kile harusini, hata tunadhani tunayajua. Yakisomwa pamoja ndipo unaona jinsi yanavyoshikana, na ndipo unagundua ulichokuwa ukikisikia visivyo. Chukua 5:23-24, pale mtu anapoambiwa aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Watu hulikumbuka kama agizo la kuwasamehe waliotukosea. Lakini soma tena: ni ndugu yako ndiye mwenye neno juu yako. Yaani aliyekosa ni wewe, na ibada yako inasubiri mpaka ukarekebishe.

Baada ya hapo nenda kwenye Waraka wa Yakobo, wenye sura 5 tu na mistari 108, kisha Walawi 19, kisha Amosi. Mithali iache mwishoni, kwa sababu nitakayoieleza.

Uwe na tafsiri mbili. Ile ya Union ya mwaka 1952 ina Kiswahili kizito na inafuata maneno ya asili kwa karibu. Habari Njema ni nyepesi na inafungua sentensi zilizojifunga. Pale zinapotofautiana, simama. Linganisha pia mwandishi na mwandishi: Mathayo 5:3 inawataja maskini wa roho, Luka 6:20 inasema maskini tu, na mistari minne baadaye Luka anawaambia matajiri ole wao. Anayesoma Mathayo peke yake anaweza kuugeuza umaskini kuwa hali ya moyoni na akapumua. Luka hampi nafasi hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Kwa kila kifungu andika majibu ya maswali matatu kwenye daftari: nani anaambiwa afanye nini, amfanyie nani, na itamgharimu nini? Swali la tatu ndilo linalorukwa, na likirukwa maadili yote yanageuka kuwa "tuwe wema". Hakuna mtu aliyewahi kupinga kwamba tuwe wema, na ndiyo maana maneno hayo hayambadilishi yeyote.

Tuchukue mfano mmoja tuuangalie kwa karibu: Mathayo 18:23-35, habari za mtumwa aliyesamehewa deni. Anadaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Anaanguka, anaomba, anasamehewa. Akitoka nje anamkuta mtumwa mwenzake ambaye anadaiwa naye dinari mia, anamkaba koo na kumtupa gerezani. Hapo wasomaji wengi husema "aliyesamehewa asamehe" na kufungua ukurasa mwingine. Kaa kwanza upige hesabu. Mathayo huyohuyo, sura ya 20, anaonyesha kwamba dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Kwa hiyo yule mwenzake anadaiwa kazi ya siku mia, na mtumwa wa kwanza anadaiwa kazi ya siku milioni 60. Hata akifanya kazi siku 300 kila mwaka, ni miaka laki mbili.

Ukishapata tarakimu hizo, rudi kwenye maombi yao. Wote wawili wanatumia karibu maneno yaleyale: nivumilie, nami nitakulipa. Yule wa kwanza anaahidi jambo lisilowezekana kabisa. Yule wa pili anaahidi jambo linalowezekana, tena kabla mwaka haujaisha. Mtumwa aliyehurumiwa baada ya ahadi isiyotimizika anakataa ahadi ya kweli. Deni la dinari mia nalo si dogo. Ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu, na mtu akikunyima kiasi hicho unaumia kwelikweli. Mfano hausemi kwamba ulichotendewa ni kitu kidogo. Angalia pia wajoli, watumwa wenzao walioona na kwenda kusema. Hawakunyamaza kwa kisingizio kwamba hayawahusu. Halafu mwisho: mfalme anaufuta msamaha wake na kumtia mtumwa mikononi mwa watesaji. Mwisho huo ni mkali na hauna raha. Uandike hivyohivyo kwenye daftari, usiulainishe.

Kifungu kimoja namna hii kinatosha kwa siku mbili au tatu. Anayesoma sura nne kwa siku atamaliza kitabu, lakini hesabu hizi hataziona.

Kuhusu miujiza, kosa la kawaida ni kuikata. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alilifanya hilo kwa mkono wake. Kufikia mwaka 1820, akiwa mzee, alikuwa amekata kwa kisu vifungu vya Injili kutoka nakala za Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akavibandika katika kitabu kimoja chenye maisha na mafundisho ya Yesu. Kitabu hicho kinaishia jiwe linapovingirishwa mlangoni pa kaburi na watu wanakwenda zao. Ni kazi ya mtu aliyeyapenda mafundisho hayo kwa dhati, na anayetaka kuusikia mfululizo wa mafundisho peke yake atafaidika nayo. Lakini kama njia ya kusoma ina hasara, kwa kuwa mara nyingi hoja ya maadili imekaa ndani ya muujiza wenyewe.

Marko 3:1-6 ni ushahidi mzuri. Mtu mwenye mkono uliopooza yuko katika sinagogi siku ya sabato. Kabla ya uponyaji wowote, linaulizwa swali: siku hii ni halali kutenda mema au mabaya, kuokoa uhai au kuua? Waliopo wananyamaza, na Yesu anakasirika, anahuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Kisha wanaotetea utakatifu wa siku hiyo wanatoka na kupanga namna ya kumwangamiza mtu. Weka pembeni suala la mkono kunyooka, ukiamini au usipoamini, bado umebaki na swali zito: sheria inapokinzana na mtu anayeteseka mbele yako, na kunyamaza nako kunahesabika kuwa jibu, utafanya nini? Kwa hiyo ukikutana na muujiza, tafuta ubishi uliouzunguka. Nani alikuwa amesukumwa pembeni? Nani alikasirika alipoona mtu huyo amesaidiwa? Yohana 9 inafunguka kwa wanafunzi wakimwona kipofu, na jambo la kwanza wanalotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali hilo bado linaulizwa kila siku juu ya wagonjwa na maskini, na jibu linalotolewa pale ni kwamba si yeye wala wazazi wake.

Lazima pia tuwe wakweli kwa waandishi. Waliamini kila walichoandika juu ya Mungu, na baadhi ya maagizo yanategemea imani hiyo moja kwa moja. "Msisumbukie ya kesho" katika Mathayo 6 imesimama juu ya Baba anayewalisha ndege. Asiye na imani hiyo asiligeuze agizo kuwa ushauri wa matumizi ya fedha, maana halikuandikwa kwa kazi hiyo. Aandike kwamba hapa maadili na imani vimefungwa fundo moja. Kwingine fundo hulegea. Kutoa sadaka kwa siri, mwanzoni mwa sura hiyohiyo, kumeahidiwa thawabu kutoka kwa Baba aonaye sirini. Ondoa thawabu, agizo linabaki, ila limekuwa gumu zaidi.

Torati usiiogope. Katikati ya sheria za dhabihu kuna maagizo yaliyo wazi kama maelezo ya fundi. Kumbukumbu la Torati 22:8: ukijenga nyumba, weka ukingo kwenye dari ili mtu asianguke. Kutoka 23:4-5: ukimkuta ng'ombe wa adui yako amepotea, mrudishe, ukimwona punda wa anayekuchukia amelala chini ya mzigo, msaidie. Hakuna anayeambiwa ajisikie vizuri kuhusu adui huyo. Anaambiwa ashike kamba. Ukiwa na kifungu hiki mkononi ndipo usome "wapendeni adui zenu", maana upendo umekwisha kuonyeshwa kuwa kazi ya mikono kabla ya kuwa hisia.

Fuatilia pia uzi mmoja kutoka kitabu hadi kitabu. Uzi wa ujira ni mzuri kuanzia: Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi, Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka alipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea, Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Mistari hiyo mitatu ukiiandika ukurasa mmoja, utaona kwamba kuchelewesha malipo ya mtu wa chini, jambo ambalo wengi hulihesabu usumbufu mdogo, kwa waandishi hawa ni dhuluma.

Mithali nimesema zisubiri kwa sababu ndizo zinazosomwa vibaya kuliko vyote. Methali inaeleza jinsi mambo yanavyokuwa mara nyingi. Haimpi mtu ahadi. Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, na mstari unaofuata unasema mjibu. Waliozipanga bega kwa bega walijua wanachofanya: busara ni kutambua leo ni siku ya ipi. Anayezisoma kama ahadi ataishia kumwambia mtu aliyefilisika kwamba alikuwa mvivu, na hayo ndiyo makosa ya marafiki wa Ayubu, waliomwambia mtu anayeteseka kwamba mateso yake aliyaleta mwenyewe. Soma sura moja ya Mithali kwa siku, sura 31 kwa mwezi, na Ayubu awe karibu.

Jihadhari pia na kudhani kila mtu mkubwa katika masimulizi ni mfano wa kuigwa. Biblia husimulia mengi bila kuyapongeza. Katika 2 Samweli 12 nabii Nathani anamweleza Mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa mtu mwingine, habari za tajiri aliyempora maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi anawaka hasira na kutoa hukumu ya kifo, kisha anaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Ukiwa unasoma na ghafla ukamkumbuka jirani au shemeji anayestahili kuusikia mstari huo, umesimama pale alipokuwa amesimama Daudi. Rudi mwanzo wa kifungu, usome jina lako.

Halafu kuna vifungu vinavyoumiza. 1 Petro 2:18 inawaambia watumwa wawatii hata mabwana wakali, na mistari ya namna hiyo ilitumiwa na waliotetea utumwa. Usitafute maelezo ya kuufanya mstari useme kisichosemwa. Uandike, kisha uweke kando yake Waraka kwa Filemoni, mistari 25 tu, ambamo Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake, Filemoni, na kutaka apokewe kama ndugu mpendwa, zaidi ya mtumwa. Barua hiyo haitamki kwamba utumwa ni haramu, lakini inamweka Filemoni mahali pagumu sana. Msomaji wa maadili ana haki, na wajibu, wa kusema mstari upi unauhukumu mwingine, ilimradi aseme wazi kipimo chake. Kipimo ambacho maandiko yenyewe yanatoa ni Mathayo 7:12: yote mnayotaka mtendewe na watu, watendeeni vivyo hivyo.

Kila wiki chagua agizo moja ulifanye. Mathayo 18:15-17 inafaa kwa kuanzia, maana ina hatua zilizohesabiwa: ndugu yako akikukosea, nenda ukamwambie mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia tena, ndipo kusanyiko liambiwe. Linaloharibika karibu kila mara ni mpangilio. Watu huanza na hatua ya tatu, kwenye kundi la simu au mezani mbele ya ndugu, na yule wa kuambiwa kwanza anapata habari mwishoni. Ukiliweka agizo hili kando ya lile la sadaka iliyoachwa madhabahuni, utaona kwamba ukiwa umekosa ni wewe wa kwenda, na ukiwa umekosewa bado ni wewe wa kwenda. Andika jina la mtu mmoja na siku utakayomwendea, na kabla siku hiyo haijafika usimsimulie mtu mwingine yeyote.