Pazia Lisiwe Jeupe

Pazia la sinema likiwa jeupe watu wamekaa, sekunde tatu tu zinatosha. Wa kwanza anapiga mluzi, wa pili anagonga kiti, na kabla hujajua ushike nini ukumbi mzima unaimba "Picha! Picha!" Kelele hiyo nimeisikia nikiwa juu kwenye chumba cha mashine, na nimeisikia nikiwa chini kwenye benchi la mbele. Chini inauma zaidi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofungua vyumba vya kuonyesha picha katika miji midogo, wenye projekta moja na viti vya kuazima, na nyinyi mlioajiriwa juzi katika majumba mapya ya sinema. Mimi nilikuwa opereta kwa miaka 18, tangu 1976 hadi 1994, katika mji mdogo wa njia ya reli mkoani Tanga. Mji ulikuwa na soko, stesheni, mashamba ya mkonge pande zote, na jumba moja la sinema. Tukipata siku ya mapumziko tulipanda basi kwenda Tanga mjini kutazama picha Majestic, Novelty au Regal, na humo nilikuwa mteja kama wateja wengine, nimekaa na mfuko wangu wa bisi. Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Opereta asiyelipa kiingilio mahali pengine husahau upesi mteja anataka nini.

Kosa langu kubwa nililifanya nikiwa na miaka 19. Nieleze kwanza kazi ilivyokuwa. Picha ya Kihindi ya saa tatu haikuja katika mkanda mmoja; ilikuja katika makopo manane au tisa, kila kopo likienda dakika 20 hivi. Mashine zilikuwa mbili. Moja ikionyesha, nyingine inakaa tayari na mkanda unaofuata. Karibu na mwisho wa kila mkanda, kwenye pembe ya juu ya kulia ya pazia, inatokea nukta ndogo kwa kufumba na kufumbua. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde saba hivi baadaye inatokea nukta nyingine, nawe unafunga mwanga wa huku na kufungua wa kule. Ukifanya sawasawa, hakuna hata mtu mmoja ukumbini anayejua kwamba kuna kilichobadilika.

Usiku ule ulikuwa wa tatu wa picha ambayo niliipenda mno. Wimbo ulipoanza niliegemea kidirisha nikautazama kama mtu aliyelipa. Nukta ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mkanda ukaisha na ncha yake ikaanza kupiga chuma, tap tap tap, na mwanga mtupu ukamwagika kwenye pazia. Nilipoiwasha mashine ya pili, watu wakaonyeshwa tarakimu za kuhesabia zilizo mwanzoni mwa mkanda. Nilitetemeka hata vidole vikakataa kushika swichi.

Opereta mkuu, mzee aliyenifundisha kila ninachokijua, alipanda ngazi taratibu. Hakunigombeza. Alisema, "Kesho huji juu. Utakaa chini, benchi la mbele, wiki nzima." Nikajibu, "Ndiyo, Mzee," nikidhani nimefukuzwa kwa heshima.

Wiki ile ndiyo iliyonifanya opereta. Kule chini nilimwona kibarua wa shamba la mkonge aliyetembea na wanawe wawili toka kambini, mmoja mgongoni, siku ya mshahara. Niliwaona vijana waliojua nyimbo zote za Kihindi bila kujua maana ya neno hata moja, na mmoja aliyejitolea kuwaeleza wenzake steringi anasema nini, akikisia nusu na kupatia nusu. Nyuma yangu alikaa mama mmoja na bintiye. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, basi binti alikuwa akimnong'oneza picha yote: sasa amefungua mlango, sasa analia, sasa yule adui anakuja. Usiku wa nne mkanda ulikatika katikati ya mapigano. Pazia likawa jeupe. Katikati ya mayowe nikamsikia yule mama akiuliza, "Kwani amekufa?" Binti akamwambia, "Bado, mama. Wanaunga."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si wa vyombo. Kabla hujagusa projekta, kaa wiki nzima ukumbini. Badilisha kiti kila siku. Utajua ni wapi feni inaifunika sauti, ni kiti gani kina msumari, ni mahali gani nguzo inakata pazia, na ni nani huja peke yake kila Jumamosi. Mambo hayo huwezi kuyaona ukiwa umesimama nyuma na rimoti mkononi.

La pili ni kukagua. Mikanda ilipofika kwetu ilikuwa imekwisha kupita Dar es Salaam na miji mingine mingi, imechoka. Iliposhushwa kwenye treni au basi tulikuwa na saa chache tu kabla ya onyesho. Tuliupitisha mkanda wote mezani, kwa mkono, ukingo wake ukiteleza kati ya kidole gumba na cha shahada, ili kuvihisi vitobo vya pembeni vilivyochanika. Kila kipicha kina vitobo vinne upande mmoja. Viwili vikichanika, meno ya gurudumu hukosa pa kushika. Na mkanda ulipita mbele ya taa vipicha 24 kila sekunde, futi 90 kwa dakika, kwa hiyo kosa dogo halikupi nafasi ya kufikiri. Palipooza tulikata, tukakwangua, tukapaka gundi na kuunga, tukihakikisha kiungo kinaangukia kwenye mstari unaotenganisha kipicha na kipicha. Ukiunga vibaya, watu wataona miguu juu na vichwa chini.

Leo huna mkanda, una faili. Likague vilevile, toka mwanzo hadi mwisho, kwenye kompyuta ileile na projekta ileile utakayotumia usiku. Usitazame dakika tano ukasema iko sawa. Faili huweza kuharibika dakika ya 84, na dakika ya 84 ndipo steringi anapokutana na adui. Weka nakala ya pili kwenye diski nyingine. Zima kulala kwa kompyuta, zima ujumbe unaojitokeza, zima masasisho. Uwe na waya wa akiba wa picha na wa sauti. Kwetu huku umeme hukatika, basi projekta iwe kwenye betri ya akiba japo ya dakika chache, ili uwe na muda wa kuwasha jenereta, na feni yake iendelee kuipooza taa.

Sauti nayo ina mtego wake, na ni mtego wa zamani. Baba yangu alikuwa mtoto lori la sinema lilipopita kijijini kwao. Miaka ile, 1935 hadi 1937, palikuwa na mradi wa kutengeneza picha za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, huko milimani Usambara, na lori lake lilizunguka Tanganyika na nchi jirani. Sauti ilitoka kwenye sahani za santuri, si kwenye mkanda, na baba alikuwa akitusimulia jinsi mtu wa kwenye kitambaa alivyokwisha kufunga mdomo na maneno bado yanakuja. Enzi zangu sauti ilikuwa imechapwa pembeni mwa mkanda, vipicha 20 hivi mbele ya picha yake, kwa sababu kisomea sauti kilikuwa chini ya lenzi. Ukikosea ukubwa wa kitanzi cha mkanda pale chini, midomo na maneno havikutani. Nanyi mnapata ugonjwa uleule mnapounganisha spika kwa bluetooth. Tumia waya. Kisha pima sauti tena watu wakishaingia, maana miili hunywa sauti, na ukumbi uliojaa haufanani na ule ulioujaribu mchana ukiwa mtupu.

Kuhusu mwanga niseme kidogo tu. Taa zetu zilikuwa za kaboni: vijiti viwili vilivyopakwa shaba, umeme ukiruka kati ya ncha zake kwa mwanga usiotazamika bila kioo cheusi. Vijiti vinaliwa vinavyowaka, na nafasi kati yake ikipanuka, picha inafifia. Miaka ya themanini, fedha za kigeni zilipoadimika, kaboni mpya hazikuja. Tuliunganisha vipande vilivyobaki, vifupi kama kidole, na mmoja wetu akawa hana kazi nyingine usiku kucha ila kuvitazama. Ninyi mna taa ya saa maelfu. Ilindeni na vumbi, safisheni kichujio chake kila wiki, na ukuta wenu upakeni rangi nyeupe isiyong'aa.

Mlango wa dharura usifungwe kwa kufuli, hata kama watoto wanaingilia hapo bila tiketi. Nalisema hili kwa uzito wote. Chumba chetu cha mashine kilijengwa kwa vidirisha vyenye vifuniko vya chuma, kwa sababu mikanda ya kale, ile iliyotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ilikuwa inashika moto kwa nguvu ya kutisha na ilikuwa haizimiki hata kwa maji. Yetu haikuwa ya namna hiyo, lakini vifuniko vile tulivipaka mafuta kila mwezi. Chumba chenu kina mabenchi, mazulia, jenereta na dumu la petroli. Dumu likae nje, mbali.

Nije kwenye tiketi. Picha ikiwa kubwa, walanguzi walinunua tiketi nyingi mchana na kuziuza jioni mlangoni kwa bei ya kuumiza. Nimeona watu wazima wakirudi nyumbani na watoto wanaolia. Palikuwa na wafanyakazi wa dirishani walioshirikiana nao, nami nilijua nikakaa kimya, na kimya kile kinaniuma mpaka leo, kwa sababu waliorudishwa ni walewale waliotembea toka makambini. Ukiajiriwa mahali ukaona hivyo, sema. Ukiwa mwenyewe ndiye mwenye ukumbi, weka kikomo cha tiketi kwa kila mnunuzi na tenga viti vya wanaotoka mbali.

Wanawake wanataka kuja. Nawasikia vijana wengi wakisema kibanda umiza, kile chumba cha video cha mtaani, ni cha wanaume na mpira, nami nasema ni nyinyi mliokifanya hivyo. Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao na kumbi zilijaa. Kwetu tulitenga safu za familia, taa ndogo ikabaki inawaka njiani, na mlinzi alikuwa mtu mzima anayejulikana mjini. Choo safi chenye komeo kitawaletea wateja wengi kuliko bango lolote. Sikukuu ya Idi tulionyesha toka asubuhi, watoto wakiwa na nguo mpya na sarafu mkononi, na picha ya siku hiyo tuliichagua kwa ajili yao. Msimwonyeshe mtoto chochote kwa sababu tu amelipa. Daraja la umri linalotolewa na Bodi ya Filamu liandikeni kwenye bango na mlisimamie mlangoni. Na haki ya kuonyesha iombeni kwa wenyewe. Mtengeneza filamu wa Bongo anayeibiwa kazi yake leo hatakuwa na ya kuwapa mwakani.

Kuhusu wanaotafsiri picha kwa sauti, kina Lufufu kwetu na DJ Afro kule Kenya, wapo wazee wenzangu wanaowadharau. Mimi siwadharau. Wanafanya kazi aliyoifanya yule binti kwa mama yake, ila kwa umati.

Jumba letu lilifungwa 1994. Video zilikuwa zimekwisha kuingia majumbani, mwaka huohuo televisheni ikaanza Bara, na mashine zilikuwa hazina vipuri. Jengo likawa ghala la mahindi. Viti vya balkoni viliuzwa kimoja kimoja. Viwili viko barazani kwangu.

Jambo la mwisho ni la dakika kumi za mwisho. Picha ikikaribia kuisha fungua milango kimyakimya, washa taa polepole, usiwapige watu macho kwa mwanga wa ghafla huku wengine wanafuta machozi. Kisha acha mashine, shuka, simama mlangoni usikilize wanavyosema. Yule mzee wangu alinilazimisha kufanya hivyo kila usiku baada ya wiki yangu ya benchi. Usiku wa kwanza niliporudishwa kwenye mashine nilibadilisha mikanda yote tisa, nikashuka mbio jasho likinitoka. Yule mama alitoka mwishomwisho, kashikwa mkono na bintiye. Nikamwamkia. Akaitambua sauti yangu, maana wiki nzima nilikuwa nimekaa mbele yake, akauliza nilikuwa wapi leo. Binti akamwambia, "Alikuwa juu, mama. Ndiye anayeonyesha." Akanishika kifundo cha mkono, akakaa nacho kidogo.

"Leo haikukatika," akasema.