Kabla hujampa mtu hisa, mpe kazi

Watu wakisikia nafanya biashara na mwenzangu, swali la kwanza huwa ni nilimpata wapi, yaani kama kuna sehemu mapatna wanapangwa unaenda kuchagua. Mi nawarudishia swali: wewe unamtafuta aje afanye nini? Hapo wengi wanaanza kubabaika. "Aah, nataka tu mtu wa kusaidiana nae." Sasa hiyo sio sababu ya kugawa biashara, huo ni upweke, na upweke una dawa zake za bei rahisi zaidi.

Chukua karatasi uandike kazi zote ambazo wazo lako litahitaji mwaka wa kwanza, alafu mbele ya kila kazi weka jina. Kutengeneza nani, kuuza nani, mahesabu nani, vibali na kodi nani, kudai wateja wasiolipa nani (hii watu wanaisahau sana na ndo inayoua biashara kimyakimya). Pakibaki wazi, angalia ni pengo la aina gani. Kama ni hela, kopa au tafuta mwekezaji, mwenye hela sio lazima awe mtu wa kukaa nae ofisini kila asubuhi. Kama ni ujuzi wa mara moja, mfano nembo au tovuti, lipa mtu akufanyie muachane. Kama ni ushauri, tafuta mtu aliyeshapita hiyo njia umsikilize. Patna ni kwa ajili ya pengo ambalo lipo kila siku, biashara bila hilo haitembei, na mshahara wa kumuajiri mtu mzuri wa kuliziba huna. Kwangu mimi ilikuwa kuuza. Mi ni mtu wa kutengeneza vitu, nikiwa kwenye kazi nasahau mpaka kula, ila nipe simu niongee na mteja mpya, naanza kupunguza bei kabla hata hajalalamika.

Shida ni kwamba tunavutiwa na watu wanaofanana na sisi. Mafundi wawili wakikaa pamoja wanaelewana raha mustarehe, wanaboresha bidhaa mwaka mzima, na hakuna mteja hata mmoja anayejua kama ipo.

Ukishapata mtu unayemuona anafaa usikimbilie kumwambia tufungue kampuni. Tafuteni kazi moja ndogo mfanye pamoja, yenye mwanzo na mwisho, yenye mteja wa kweli na hela ndani yake. Hela ni muhimu hapo, sababu mkiwa mnapiga stori za mipango tu kila mtu ni mwaminifu. Alafu tulia uangalie. Akichelewa, anakwambia mapema au unagundua mwenyewe siku ya mwisho? Mteja akikasirika anasema "tumekosea" au anasema "yule mwenzangu ndo alifanya"? Ukimkatalia wazo anakuja na hoja nyingine au ananuna siku tatu? Patna niliyenae sasa, kwenye kazi yetu ya kwanza alinirudishia chenji pamoja na karatasi ya matumizi ambayo hakuna aliyemuomba, na kwenye kazi hiyohiyo akaniambia usoni kwamba bei niliyompa mteja ni ya kujionea aibu. Hayo mawili yalinitosha. Kabla yake kulikuwa na mtu mwingine, mzungumzaji hatari, kila tukikutana ana wazo jipya na anajua watu wakubwa kila mahali, ila hao watu hawakuwahi kugeuka kuwa hata simu moja iliyopigwa. Sikumlaumu, tuliachana salama na hakuna cha kugawana sababu hatukuwa tumesaini kitu.

Kuna maswali mengine ni ya aibu lakini lazima myaulize. Kila mmoja anahitaji kiasi gani kwa mwezi ili aishi? Anaweza kukaa muda gani bila kulipwa? Biashara ikifa na madeni, ana nini cha kupoteza? Hili la mwisho watu wanalipuuza kabisa. Apple ilipoanzishwa Aprili 1976 walikuwa watatu, Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne. Wale wawili walikuwa na asilimia 45 kila mmoja, Wayne asilimia 10, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuamua wenzake wakibishana. Siku 12 baadae akajitoa, akalipwa dola 800. Watu humcheka mpaka leo, mi simcheki. Ulikuwa ubia wa kawaida, sio kampuni yenye kinga ya kuzuia madeni yasifuate mali za wenyewe, Jobs alikuwa anakopa ili wapate vifaa vya oda yao ya kwanza, na mwenye mali ambayo wadai wangeweza kuifuata alikuwa Wayne, wale vijana hawakuwa na kitu. Mwenye cha kupoteza na asiye nacho hawaioni hatari kwa jicho moja, hata kama wote wanalipenda wazo.

Na hiyo habari ya madeni ni ya kweli mpaka leo sehemu nyingi. Mkiwa kwenye ubia wa kawaida, mwenzio akikopa kwa jina la biashara na wewe unadaiwa, na wadai wanaweza kufuata mali zako binafsi. Sheria ya ubia ya Uingereza ya 1890, ambayo nchi nyingi zimeiiga, inasema msipokubaliana vingine faida mnagawana sawasawa, hata kama mmoja aliweka mtaji mkubwa zaidi. Kwa hiyo msipoandika nyie, sheria imeshawaandikia.

Kwenye hisa ushauri wangu ni mmoja, zisitolewe zote siku ya kwanza. Utaratibu uliozoeleka kwenye kampuni changa za teknolojia ni miaka minne: mtu akiondoka kabla ya mwaka mmoja haondoki na kitu, akimaliza mwaka anakuwa amepata robo, zinazobaki anazipata kidogokidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi. Na wewe mwenye wazo uingie humohumo, usijiweke pembeni eti wazo ni langu, wazo peke yake halijawahi kumpelekea mteja mzigo. Alafu kubalianeni nani ana neno la mwisho kwenye nini. Sisi bei na wateja ni za patna wangu, bidhaa ni yangu, hela ikizidi kiwango fulani haitoki benki bila sahihi mbili. Nusu kwa nusu inapendeza kwenye karatasi mpaka siku mnapotofautiana na hakuna wa kuamua.

Wapi utampata? Kwa watu ambao umeshafanya nao kazi, wafanyakazi wenzako wa zamani, mtu aliyekuwa anakuuzia vifaa, hata mteja msumbufu anayejua vizuri kasoro ya bidhaa yako. Mtu uliyekutana nae jana kwenye semina anaweza akawa mzuri pia, ila kipimo cha kazi kwake kiwe kirefu zaidi.

Mkiwa ndugu au washkaji wa siku nyingi msijipe msamaha. Adolf na Rudolf Dassler wa Ujerumani walikuwa ndugu wa damu na kiwanda kimoja cha viatu, waliposhindwana wakagawana mwaka 1948, mmoja akaanzisha Puma mwingine akaanzisha Adidas, kwenye mji huohuo mmoja. Kama unaona aibu kumwambia rafiki yako muandikishane, msingizie mwanasheria, sema yeye ndo kang'ang'ania. Mi niliitumia hiyo kwa patna wangu, akacheka sana, kumbe na yeye alikuja na karatasi yake mfukoni.