Nyama umeiacha, mwanangu. Mahali pake umeweka nini?

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu uhamie Dodoma nyama haikupandi, moshi wa nyama choma wa jioni unakuchefua, na samaki wa barafu anayefika huko ameshachoka, basi naye umemwacha. Wenzako kazini wanakutisha kwamba utakwisha damu. Mwengine anakusifu, anasema nyama ni sumu na umeokoka. Sasa unaniuliza mimi: mtu ni lazima ale nyama? Na mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza ametimiza mwaka, akikuzwa bila nyama atakuwa amedhulumiwa?

Nakujibu kama mama yako, na kama mkunga niliyezeekea kliniki. Nyama si lazima. Mtu anaweza kuishi umri wake wote bila kuigusa na akawa na afya njema. Lakini mimi sikushtushwa na nyama uliyoiacha. Nilishtushwa na ulivyonitajia unavyokula: asubuhi chai ya rangi na chapati, mchana chipsi, usiku wali na maharage "yakiwepo". Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Umeondoa kitoweo, na mahali pake hukuweka kitu.

Kumbuka ulivyolelewa hapa Wete, Pemba. Nyama ya ng'ombe tuliipata Sikukuu, au kwenye harusi na hitima, au msimu wa karafuu mkono ukiwa na chochote. Siku nyingine zote ulikula nini? Asubuhi muhogo wa kuchemsha, au mkate na mbaazi za nazi. Mchana wali kwa mchuzi wa vibua, siku nyingine choroko. Shelisheli, majimbi, boga, mchicha, matembele. Bamvua likifika, maji yakitoka mbali, wanawake tukiteremka pwani na makapu kuokota chaza na kombe, na mwenye bahati akirudi na pweza. Hakuna aliyetwita watu wasiokula nyama, wala sisi wenyewe hatukujiona hivyo. Mlikua, mkasoma, mkapanda mikarafuu kama kima.

Ila usiichukue Pemba ukaifanya shahidi wa jambo ambalo haikulishuhudia. Kilichokukuzeni si majani peke yake. Ilikuwa bahari. Hata nyumba iliyokuwa na dhiki haikukosa konzi ya dagaa au kipande cha ng'onda, samaki wa kukaushwa, ndani ya chungu cha kisamvu. Kwa hiyo ukiniuliza kama mtu anaishi bila nyama ya ng'ombe, nakwambia ndiyo, kisiwa kizima kimeishi hivyo. Ukiniuliza kama anaishi bila nyama, bila samaki, bila yai, bila maziwa, nakwambia pia inawezekana, lakini hapo anahitaji kujua anachokifanya, na chipsi haimo katika hesabu hiyo.

Waangalie Mabaniani wa Mji Mkongwe kule Unguja. Ziko familia ambazo tangu babu wa mababu hazijaonja nyama wala samaki, na watoto wao wamekua na akili zao timamu. Lakini ingia jikoni kwao: maziwa, mtindi, samli, dengu na choroko za kila namna, kila siku ya Mungu. Wale hawakuondoa kitu wakaacha pengo. Chakula chao kimejengwa vizazi na vizazi, na kila kimoja kinajua kazi yake.

Sasa nikueleze jambo ambalo halina mjadala. Iko vitamini inaitwa B12. Hiyo haimo kwenye mchicha, wala maharage, wala matunda, wala nafaka. Imo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ini linaiweka akiba, ndiyo maana mtu anaweza kuacha vyote hivyo akakaa mwaka, hata miaka, akajiona mzima na akaanza kuwahubiria wenzake. Akiba ikimalizika, huja uchovu, ulimi kuuma, ganzi za mikono na miguu, kusahausahau. Mishipa ya fahamu ikishaumia muda mrefu, pengine hairudi kama ilivyokuwa. Na wewe bado unanyonyesha. Mtoto huipata B12 kwenye maziwa ya mama. Mama akiwa hana, mtoto huonesha athari kabla yake, kwa sababu yeye hakuwekewa akiba kubwa. Ukisikia watu wanasema mwani unatosha, usiutegemee. Mwani tunaulima hapa, naujua, na faida zake zipo, lakini kwa hili si wa kuaminiwa. Asiyegusa kabisa kitu chochote cha mnyama ameze vidonge vya B12, vinapatikana maduka ya dawa. Kwako wewe naona njia nyepesi zaidi ni yai na maziwa. Dodoma mko kwenye nchi ya wafugaji, mtindi unao mlangoni. Maziwa mabichi tu usinywe, yachemshe kwanza.

Kuhusu damu, wenzako wamesema nusu ya jambo. Miaka yote kliniki, mama mjamzito akikaa mbele yangu nilikuwa nikimshusha kope la chini kwa kidole gumba. Kwa ndani panatakiwa pawe pekundu. Nimeona kope nyeupe kama karatasi za wanawake ambao waume zao walikuwa wachinjaji, nyama haikosekani kwao. Walikuwa na minyoo ya safura, inayopenya kwenye nyayo za mtu anayetembea peku kwenye udongo mchafu, ikakaa tumboni ikinyonya. Wengine malaria iliwarudia tena na tena. Wengine walizaa kwa kufululiza, au hedhi zao ni nzito, na hakuna aliyewauliza. Damu ina milango mingi ya kutokea, na supu ya nyama haizibi yote.

Hata hivyo nisikufiche: madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama na samaki mwili unayachukua kwa wepesi kuliko yaliyomo kwenye majani na kunde. Mwanamke wa umri wako anayepata hedhi anahitaji miligramu 18 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mwanamme. Kwa hiyo anayetegemea kunde na mboga lazima ausaidie mwili wake. Kamulia ndimu kwenye mchuzi wa maharage, au kula chungwa au embe pamoja na chakula. Vitamini C inaifungulia njia ile chuma. Na chai, mwanangu, iondoe mezani! Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inaishika chuma, usipate kitu. Ingoje saa nzima baada ya kula. Najua nakugusa penye utamu, Mzanzibari kumnyima chai na mkate si jambo dogo, lakini huko kwenu inakuibia kila asubuhi.

Ya protini hayanitii wasiwasi sana. Mtu mzima anahitaji gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake; wewe wa kilo 60 ni gramu 48, na anayenyonyesha huhitaji zaidi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, yai moja kama gramu 6. Wali na maharage vinakamilishana, hata usipovila kwa pamoja. Lakini yawepo, tena bakuli, si vijiko viwili vya kupambia sahani.

Nije kwa mjukuu wangu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wewe ni mtu mzima, tumbo lako ni lako. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni kama ngumi yake, na anakua mbio. Ukilijaza uji mtupu wa sembe na maji ya maharage, atashiba na bado atakuwa na njaa ya mwilini. Simwombei nyama. Namwombea samaki na yai. Chukua dagaa wa Mwanza, wanafika Dodoma na bei yao inabebeka. Chagua walioanikwa juu ya chanja, si walioanikwa chini, wale wana mchanga. Toa vichwa, waoshe, wakaushe, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike mkononi, kisha twanga na uchekeche. Unga huo uweke kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja kwenye uji au kwenye viazi vyake vya kupondwa, humsikii akilalamika. Dagaa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo mna kalsiamu pamoja na chuma na hiyo B12, na kwa uzito dagaa mkavu zaidi ya nusu ni protini. Karanga mpe zilizosagwa, nzima zinampalia. Yai mpikie liive sawasawa. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, maana mtoto anayejazwa maziwa hukataa chakula na damu yake hushuka. Na kunyonyesha usiache bado.

Usimnunulie dawa ya chuma ya maji kwa kusikia tu kwa jirani kwamba inaongeza damu. Hili limetokea hapa hapa kisiwani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto zaidi ya 24,000 wa Pemba, wa chini ya miaka mitatu, waliingizwa kwenye utafiti, wengine wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine wasipewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: waliopewa chuma walizidi kulazwa na kufariki, katika kisiwa ambacho wakati ule malaria ilikuwa nyingi. Lakini wale ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu, iliwafaa. Dunia nzima ilibadilisha namna inavyotoa dawa hiyo kwenye nchi za malaria kwa sababu ya watoto wetu hawa. Kwa hiyo apimwe kwanza, halafu daktari aseme.

Huyo anayekwambia nyama ni sumu, mpe ukweli wake kwa kiasi chake. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitia nyama iliyosindikwa, kama soseji, katika vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika vinavyoelekea kuisababisha. Walisema hatari hupanda kadiri mtu anavyokula zaidi. Anayekula nyama nyekundu ya kawaida isiyozidi kama nusu kilo iliyopikwa kwa wiki hana haja ya kuogopa sana, na mume wako usimnunie kwa mshikaki wake wa Ijumaa. Soseji ndizo ningependa zisiingie kwenye mkoba wa skuli wa mjukuu wangu, kesho akikua.

Umeniuliza pia, kwa kuzunguka, kama kuacha nyama kuna kasoro katika dini. Kula nyama si fardhi. Allah amesema tule na tunywe wala tusifanye israfu. Katika Suratul Maida ametukataza kuviharamisha vizuri alivyotuhalalishia. Basi wewe sema hainipandi, inatosha. Usiseme haifai kuliwa. Na Iddi el Hajj ukija nyumbani, fungu lako la nyama tutampelekea mwenye haja, na wewe nitakupikia changu wa kupaka. Huyo hajawahi kukuchefua.

Sasa jikoni kwako. Nazi Dodoma ni ghali, najua, basi pika choroko kwa karanga. Ziloweke usiku, asubuhi zisugue baina ya viganja mpaka maganda yaelee, yamwage. Zichemshe na kitunguu, nyanya, bizari na chumvi mpaka zivunjike, ndipo uongeze karanga zilizosagwa ulizozikoroga na maji, ukoroge taratibu zisishike chini. Ndimu iwe ya mwisho, ukishaepua. Hiyo na wali, au na ugali wa mtama unaopatikana huko, na mboga ya majani pembeni, hakuna wa kukutisha na damu. Mlenda wa Wagogo jifunze kuupika, usiudharau. Wenyeji wana akili na ardhi yao. Maharage yapike ya siku mbili tatu uyaweke kwenye friji, ili usiku ukirudi umechoka "yakiwepo" isiwe neno lako.

Nenda kapime damu wiki hii, wewe na mtoto. Kipimo chako cha wingi wa damu, himoglobini, kikiwa chini ya 12 niambie kabla hujameza kitu chochote. Mwambie daktari wazi kwamba unanyonyesha na kwamba nyama na samaki umeacha, asikuone mnene akadhani umeshiba.

Kaka yako anavuka kwenda Dar mwisho wa mwezi. Nimempa choroko, mbaazi kavu, chupa ya unga wa dagaa niliousaga mwenyewe na ndimu za uani. Ng'onda nimemtia kidogo, nimemfunga peke yake mbali na nguo. Ikiwa bado hutaki kumwona, mpe mume wako ampike, mtoto aonje mchuzi.

Wasalaam,
Mama yako