Mdogo wangu, Korea ya kwenye simu yako siyo hii ninayoamkia

Umeniuliza kwenye kundi la familia: "Dada, eti vijana wa Seoul wanaishi kama kwenye tamthilia? Na mimi nije?" Nimekaa kimya wiki nzima kwa sababu sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Raha ipo. Nenda Hongdae, mtaa wa vijana hapa Seoul, jioni: spika moja, simu imesimamishwa chini, vijana wanacheza dansi barabarani na watu wamewazunguka duara. Darasani kwetu kuna Mbrazili, Mmongolia na binti wa Indonesia, wote Kikorea walianza kukipenda kupitia nyimbo. Tangu video ya 2012 ya Psy, mwimbaji wa huku, ilipokuwa ya kwanza YouTube kufikisha watazamaji bilioni moja, na BTS, lile kundi la wavulana saba, kushika namba moja Marekani mwaka 2020, dunia nzima imegeuza shingo huku. Mimi pia niligeuza, usinicheke.

Sasa njoo dukani kwetu saa nne usiku, lile duka dogo lisilofungwa. Saa nne ndiyo mwisho wa tuisheni kwa sheria ya jiji. Bila hiyo wangesoma mpaka majogoo. Watoto wanamiminika na mabegi mgongoni, wanamwaga maji ya moto kwenye tambi za kikombe, wanakula wamesimama huku jicho liko kwenye daftari. Hicho ndicho chakula cha usiku. Juzi mmoja kasinzia, vijiti vimebaki wima ndani ya kikombe. Siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, kila Novemba, hata ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua wakati wa kusikiliza Kiingereza. Fikiria mzigo uliopo kichwani mwa mtoto wa miaka 18 anayeambiwa nchi nzima imenyamaza kwa ajili yake.

Wale waimbaji wako wametoka humohumo. Wanaingia kwenye kampuni za muziki wakiwa wadogo, wanafanya mazoezi miaka, na wengi hawafiki jukwaani. Jeshini wavulana wanakwenda, umaarufu haumwokoi mtu; BTS wote walitumikia, mmoja wao kwa kazi ya kiraia badala ya kambini, wa mwisho akamaliza Juni 2025.

Halafu heshima. Sisi shikamoo ni ya wakubwa kweli. Hapa mwaka mmoja tu unatosha. Nilimwita mwenzangu wa mwaka wa juu kwa jina lake kavu, meza nzima ikapoa. Nilijua kosa nilipofika nyumbani.

Vijana wenyewe wana jina la nchi yao: Joseon ya jehanamu, Joseon ikiwa ufalme wao wa zamani. Kazi nzuri chache, nyumba haishikiki, ndoa wanaiahirisha. Mwaka 2023 wastani ulikuwa watoto 0.72 kwa mwanamke. Nami chumba changu nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na nakilipia kuliko nyumba yetu nzima ya Mbagala.

Ukitaka kuja, njoo kusoma. Anza Kikorea sasa, fuatilia ufadhili wa serikali yao, upo kweli. Ukija kutafuta yule kijana wa mwavuli kwenye mvua, hapa kila mtu ana mwavuli wake na anawahi treni.

Kuhusu kadi ya picha ya mwimbaji wako uliyoniagiza: kadi inawekwa ndani ya albamu kwa bahati nasibu. Nimenunua mbili, kijana wako hajatoka. Ya tatu mwambie mama akununulie.