Re: Ukurasa hauna tarehe, niandike nini?
Mdogo wangu, umeuliza kama kubandika linki ya Bodi ya Kahawa kwenye tasnifu kunatosha, na ufanyeje ukurasa usipokuwa na tarehe. Hakutoshi, linki hufa. Anza na mwandishi (hapa ni Bodi yenyewe), mwaka, kichwa cha waraka, ndipo anwani; tena anwani ya waraka wenyewe, si ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Kwa APA toleo la 7 (mtindo wa kuandika marejeo), pasipo tarehe unaweka n.d. (yaani “no date”, hakuna tarehe) mahali pa mwaka. Siku uliyosoma huiandiki, isipokuwa ukurasa unabadilika-badilika, mfano bei za mnada wa kahawa hapo Moshi. Makala yenye DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni), weka DOI hiyo badala ya anwani. Ila msimamizi wako akikupa mwongozo wa chuo, fuata huo hata kama unapingana na mimi.